Nondo Mmoja, Wajina Wawili

Habari za nondo nazijua kuliko yeyote mtaani kwetu. Haya, niseme kweli: nawajua kwa kuwapiga kandambili. Anayewajua hasa ni Bwana Mabawa wa jumba la makumbusho, bingwa wa wale nondo wa kijivu ambao viwavi wao hutembea kwa kujikunja na kujinyoosha, kama fundi anayepima kitambaa kwa shubiri.

Jenasi hiyo aliipokea ikiwa na spishi tatu. Sasa zilijaza droo nzima, na wala si kwamba nondo walizaana. Kila Bwana Mabawa alipopata shida, spishi mpya iligunduliwa: moja ikapewa jina la mhasibu, nyingine la mwenye nyumba. Nondo wenyewe hakuwatazama tena. Alitazama vibandiko.

Safari hii alikitaka kiti cha mkuu wa idara, na mwenye kukitoa ni Mkurugenzi. Akamwahidi nondo. Kufungua droo, lo, wote wana wenyewe. Basi akambandua mama mkwe wake, aliyekuja juzi tu kumwona wajina wake na kunyweshwa chai, akambandika Mkurugenzi.

Mkurugenzi alikuwa ndiyo kwanza anamsifu nondo wake, mlango ukafunguka. Mama mkwe huyo, na wadogo zake nyuma, wamejipamba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimewaleta wamwone wajina wangu."

Bwana Mabawa akadakia. "Wako kasafiri, mama. Yuko ng'ambo, wataalamu wanamchunguza. Huyu ni wa Mheshimiwa. Wanafanana, lakini ni spishi mbili kabisa."

"Tofauti yao nini?" akauliza Mkurugenzi, akitaka sifa zaidi.

"Mistari ya bawa, Mheshimiwa. Ya wako imenyooka, kiuongozi."

Mama mkwe akavaa miwani, akainama juu ya droo.

"Kweli imenyooka," akasema taratibu. "Ila juzi ulipokwenda kuniletea chai, niliona pini ya wangu imeshika kutu, nikaichomoa, nikamchomeka ya mtandio wangu. Si hii hapa, ya kichwa chekundu? Sasa, mwanangu, ikiwa mimi nimesafiri, pini yangu nimemwachia nani?"

Mkurugenzi akageuka kumtazama Bwana Mabawa. Bwana Mabawa akainama kumtazama nondo, kwa mara ya kwanza tangu ampe jina.