Wakaguzi wa Nyumba Moja

"Haya, maharusi, semeni kweli," Sabiha, mkuu wa wakaguzi, alisema. "Mlinong'onezana kitandani?"

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Emna alihisi masikio yakiwaka moto. Yeye na mumewe, Nizar, walikuwa miongoni mwa wakaguzi waliopewa mashine ya zamani ya tiketi za treni, waitafutie kasoro za kumsumbua mtumiaji, wajinoe kabla ya ukaguzi wenyewe. Sharti lilikuwa kila mtu aikague peke yake, asimwambie mwenzake lolote mpaka wote wamalize. Sasa kasoro walizoziona wao wawili zilikuwa zilezile, na waliyoikosa ilikuwa ileile: kwenye kurasa za Kiarabu, mshale wa kurudi nyuma ulielekea kushoto, kama ulivyo kwenye Kifaransa, ilhali Kiarabu husomwa kutoka kulia. Simu zao zote mbili zilikuwa za Kifaransa, basi hawakushtuka.

"Wallahi, dada, hatukusemezana," Nizar alisema. "Alinifukuza hata jikoni!"

"Nawaamini, na hiyo ndiyo balaa. Mmeishi pamoja mpaka mnaona kwa jicho moja. Jumatatu tunakagua kisanduku cha dawa cha wagonjwa wa moyo, kile chenye kioo cha kubonyeza. Nataka macho tofauti. Mmoja wenu atoke. Amueni wenyewe."

Walishuka ngazi. Baba yake Emna alikitumia kisanduku hicho, na Emna aliitaka kazi ile kwa moyo wake wote.

"Nitatoka mimi," Nizar alisema. "Ni baba yako."

"Usinihurumie, wewe!"

"Nani akuhurumie, mkali kama pilipili? Nakupenda tu."

Emna akasimama katikati ya njia, watu wakimpita.

"Baba akikwama pale kwenye kioo, mimi hufanya nini?"

"Unambonyezea."

"Namaliza kabla hajalalamika. Nimekizoea, Nizar. Sikioni tena ubaya wake." Akamsukuma kidogo begani. "Nenda wewe. Ukikiona kibaya, usikionee haya."

Jumatatu jioni Nizar alimkuta Emna na baba yake mezani, nyumbani kwa mzee. Wakaguzi wengine walikuwa hawajamaliza, na sharti lilikuwa lilelile. Emna alimtazama usoni, akaona maneno yamemjaa kifuani. Swali likamfika kwenye ulimi, akalimeza. Akammegea mkate, akamsogezea bakuli la harisa, pilipili ya kusaga.

"Huyu mkwe wangu vipi?" mzee aliuliza. "Kaja na mdomo au kausahau kazini?"

"Mwache, baba. Anakufanyia kazi."

Chini ya meza, Nizar akaushika mkono wa mkewe, akaubana.