Shuka la Watu Wawili

Honorine alishika ncha moja ya shuka akatazama huku na huku, akitafuta mtu wa kushika nyingine. Wanawake wanane walikuwa wamepiga magoti kandokando ya birika la kufulia la mji, kila mmoja ndani ya kisanduku chake cha mbao kilichotandikwa majani makavu chini ya magoti. Wote wanane wakainama zaidi.

Kwa miaka thelathini hakuwahi kuomba. Shuka lililolowa hukamuliwa na watu wawili, na aliye karibu hunyoosha mkono tu. Lakini barua zisizo na jina zilikuwa zikiingia chini ya milango ya mji huo wa Vaubrac: nani analala peke yake, nani ameficha damu ya mimba iliyoharibika. Nani mwingine anayeona mashuka ya watu wote, watu waliulizana, kama si Honorine mfuaji? Tena anayatarizi herufi za majina kwa uzi mwekundu. Mke wa mwoka mikate alipopata barua yake, alijitupa mtoni. Wiki hiyo nyumba tatu zilimnyima Honorine nguo za kufua.

"Kamua mwenyewe, mwandishi," alisema Clotilde, mpiga pasi. "Mikono si unayo?"

Wenzake wakachekea puani.

Honorine akatoa karatasi iliyokunjwa kwenye mfuko wa aproni yake iliyoloa. Aliikuta mlangoni alfajiri.

"Na mimi nimeletewa," alisema. "Nisomee, Clotilde. Mimi sijui kusoma."

Vibao vya kupigia nguo vikanyamaza.

"Yesu na Maria!" alisema Bibi Pruvost, mkubwa wao. "Na herufi za mashuka yetu?"

"Hunichorea padre, bibi. Nami nazifuatisha kwa sindano, kama ua."

Uso ulimwaka. Aibu hiyo alikuwa ameificha tangu utotoni.

"Lete, tusikie anavyojiandikia mwenyewe," alisema Clotilde. Akaikunjua, akawageukia wenzake asije akakosa kuona nyuso zao. "'Mfuaji, tumekujua. Ondoka kabla ya Pasaka, la sivyo mto utakuchukua kama ulivyomchukua mwenzako.'"

Aliyasema bila kukwama hata mara moja. Jua lilikuwa nyuma ya karatasi, na Honorine, kutoka pale alipopiga magoti, aliiona yote. Maji yalikuwa yameyala maandishi. Hapakuwa na mstari wala herufi, ila wingu la wino wa buluu toka pembe hadi pembe.

Clotilde naye akatazama chini. Akaifumbata upesi.

"Masikini, kumbe tumekuonea bure," Bibi Pruvost alisema. "Basi ni nani?"

Honorine alifungua kinywa, akakumbuka viatu vya mke wa mwoka mikate, vilivyokutwa vimepangwa sawasawa ukingoni. Akakifunga. Akaokota shuka, akamnyooshea Clotilde ncha ya pili.

"Nishikie, shoga."

Clotilde alishika. Wakasokota, huyu huku na yule kule, na shuka likazidi kuwa fupi, likiwavuta karibu mpaka pumzi zao zikagusana. Maji yalichuruzika, kisha yakakatika. Hakuna aliyeachia. Pale kidole gumba cha Clotilde kilipokaza, kwenye weupe wa kitambaa, doa la buluu lilikuwa likitanuka polepole.