Mwanachama Mpya wa Kituo cha Nne

Marit Sundelin aliuweka mtutu wa bunduki kwenye mizani ya viazi ya jiko la nyumba ya wazee, akasoma kilo moja na gramu mia mbili. Ilikuwa Alhamisi ya Januari. Wazee walikuwa wamemaliza supu ya njegere na sasa wakingoja chapati za maji. Algot, aliyekuwa fundi bunduki kwa miaka hamsini na miwili na sasa mkazi wa chumba namba kumi na moja, aliutazama mtutu ule kwa jicho lake lililobaki zima.

"Hautakuchosha bega," alisema. "Niliutengeneza kwa ajili ya kasisi mmoja. Akabadili mawazo, akanunua piano."

"Na unanipa bure, mzee?"

"Nikuuzie ili nikanunue nini, binti yangu? Humu ndani hata chumvi napimiwa. Chukua. Kauandikishe tu kwa jina lako."

Marit alikuwa na miaka hamsini na miwili. Kazi yake ilikuwa kuwaogesha wazee wa kijiji cha Tallbo, kuwakata kucha na kuwasikiliza. Alikuwa ameamua kujiundia bunduki kwa sababu pesa ya kununua hakuwa nayo, na kwa sababu ya kituo cha nne.

Kikundi cha wawindaji cha Tallbo kina vituo kumi na vinne msituni. Kila Oktoba wanaume huketi huko wakimngoja elgi, yule kulungu mrefu kuliko farasi mwenye pembe pana kama masinia. Kituo cha nne kiko kwenye kona ya mto, na pana jiwe bapa ambalo Evert, baba yake Marit, alilikalia kwa vuli thelathini na nane. Marit aliketi kando yake tangu akiwa na miaka kumi. Alipotimiza kumi na tisa alifaulu mtihani wa shabaha, na tangu hapo akafaulu kila mwaka, kila mara kwa alama nyingi kuliko mwenyekiti Sture Wallgren. Jambo hilo halikuwahi kutajwa na mtu.

Evert alipofariki, mila ilikuwa wazi. Kituo humwendea mtoto wa kiume, na asipokuwapo, mkwe. Mtoto wa kiume alikuwa mjini Malmö na aliogopa tope. Yeye ndiye aliyerithi bunduki ya baba, akaiuza, akanunua baiskeli. Mkwe naye, Marit alikuwa amemfungashia virago zamani. Basi kituo cha nne akapewa Pontus, daktari wa meno kutoka mjini, ambaye mama yake alizaliwa nyumba tatu kutoka kwa Evert.

Marit alikwenda kuuliza. Sture alimpokea kwa upole, maana alikuwa mtu mpole sana ilimradi daftari la kanuni liko mikononi mwake.

"Dada yangu, sisi hatuna neno na wewe. Lakini mwanachama sharti awe na bunduki yake mwenyewe. Kanuni ni kanuni. Wewe endelea tu kutusaidia na kahawa na kuchuna."

Kahawa na kuchuna alikuwa amevifanya kwa miaka thelathini na mmoja. Nyumbani alikuwa na krona elfu sita ndani ya bahasha. Akaanza.

Chuma cha kati, chenye komeo, alikipata katika duka lililokuwa likifungwa. Kilitoka kwenye bunduki ya jeshi ya mwaka 1911, na mwenye duka alikuwa akikitumia kuzuia dirisha lisijifunge. Darubini alibadilishana na jirani kwa mikate ya mdalasini ya miezi mitatu. Pesa ikaishia hapo, na bado hakukuwa na mbao ya kitako. Mbao ya mjozi, kama ile ya bunduki ya Pontus, ilikuwa ikiuzwa kama dhahabu ya meno. Lakini nyuma ya nyumba, theluji ya Novemba ilikuwa imeuangusha mtufaha uliopandwa na bibi yake.

"Mtufaha ni mbao ya heshima," Algot alisema. "Pasua ubao, paka nta kwenye ncha, uweke kivulini miaka minne."

"Muda ninao hadi mtihani wa Agosti tu."

"Basi itakuwa hai."

"Hai kivipi?"

"Mbao isiyokauka ni hai. Usije ukasema sikukwambia."

Haraka haraka haina baraka, Marit alilijua hilo tangu utotoni. Lakini alijua pia kwamba mtu wa miaka hamsini na miwili hana Oktoba za kuchezea. Aliuegemeza ubao kando ya tangi la maji ya moto kwa wiki nane, kisha akaanza kuchonga. Mikono ya Algot ilitetemeka mno kushika patasi, kwa hiyo alikagua kwa shavu. Alikuwa akiilaza mbao usoni, anafumba macho, anasema, "Hapa, toa unywele mmoja." Marit anatoa unywele mmoja. Kufikia Pasaka ilikuwa bunduki, na iliukaa mwili wake kama koti lililoshonwa na fundi anayekupenda.

Katikati ya Mei ilichipua. Vichipukizi viwili vilitokea karibu na triga, na tawi jembamba likaota chini ya mtutu. Marit alimpelekea Algot habari pamoja na dawa zake za asubuhi.

"Nilikwambia," alisema Algot, akafunua ukurasa wa gazeti. "Inywe maji kidogo. Na usiruhusu kitu kiote kwenye triga."

Ofisi ya vibali ilimtuma bwana mmoja mwenye futi ya kukunja. Alipima mara mbili, kisha akauliza, "Urefu wa silaha niuandike pamoja na majani au bila majani?" Hakuna aliyejua. Alimpigia mkubwa wake, na mkubwa wake akasema majani hupukutika, kwa hiyo hayahesabiki. Kibali kikatoka kwa jina la Marit. Sheria inataka bunduki ikae ndani ya kabati la chuma lenye kufuli, na Marit alitii. Mwezi Juni ilipotoa maua, nyuki waliingia kwa tundu la ufunguo.

Mwezi Agosti alikwenda kwenye uwanja wa shabaha, mbele ya elgi wa mbao anayekimbia juu ya reli. Mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni: Sture aliandika alama zote za Marit, zote za juu kabisa, kisha akalifunga daftari pole pole. Pontus alisogea na bunduki yake iliyoundwa Austria, yenye herufi za jina lake kwa dhahabu.

"Inapendeza," alisema. "Ila hii unaisafishaje?"

"Naipogoa," alijibu Marit.

Mkutano wa Septemba uliijadili kwa saa mbili. Katika daftari lote halikupatikana neno moja linalokataza majani, na Sture alisoma hadi nyuma ya jalada. Mwishowe akapata kifungu cha majaribio. Marit angekaa msimu huu kituo cha kumi na nne, nyuma ya machimbo ya kokoto, ambako hajaonekana elgi tangu barabara ilipojengwa. Wanaume hukiita kituo cha shemeji, kwa kuwa ndiko wanakowaweka ndugu wa wake zao.

"Ukionyesha matokeo, tutazungumza," alisema Sture.

"Huko kuna kokoto tu, mwenyekiti."

"Ndiyo maana yanaitwa majaribio, Marit."

Jumatatu ya pili ya Oktoba ilikuja na ukungu. Mbao ilikuwa na matufaha kumi na moja, mekundu, madogo, yenye harufu kali. Marit alichemsha kahawa ya wanaume kumi na watatu, akaijaza kwenye chupa zao, kisha akaenda nyuma ya kokoto. Saa mbili na nusu Sture alianza kuita vituo kwenye redio.

"Cha kwanza?"

"Kimya."

"Cha nne?"

"Kimya," alisema Pontus. "Miguu imeganda."

Akaita hadi mwisho, akasita, kisha akaita kwa adabu tu, "Kumi na nne?"

"Wapo sita," alinong'ona Marit.

"Sita nini?"

"Elgi. Na mbwa wako."

"Wanafanya nini?"

"Wamepanga foleni."

"Basi piga, mama, unangoja nini?"

"Huyu wa mbele kaweka kidevu juu ya mtutu. Anakula."

Lile dume lilikula matufaha matatu bila haraka. Mbwa alipata moja lililoanguka. Dume liliposhiba liliondoka, likatembea hatua arobaini, likasimama ubavu. Marit alikoki, akalenga, akashusha pumzi kama alivyofundishwa kwenye jiwe la kituo cha nne. Risasi ilikuwa moja. Dume lilianguka palepale. Waliobaki kwenye foleni wakasogea hatua moja mbele.

Kufikia saa sita mchana idadi iliyoruhusiwa kwa kikundi kizima ilikuwa imekwisha, elgi watatu kwa risasi tatu, na Marit akawafukuza waliobaki kwa kofia. Wanaume walikuwa wamekuja mmoja mmoja na kusimama nyuma ya misonobari na chupa zao za kahawa. Mmoja alisema upepo ulikuwa mzuri. Marit alikuwa na furaha, furaha ya waziwazi isiyo na aibu, na njia nzima ya kurudi aliliona lile jiwe bapa akilini na yeye amelikalia.

Mkutano ulifanyika saa tisa alasiri katika banda la kuchinjia. Marit alikuwa upande wa pili akichuna, maana elgi hajichuni mwenyewe, lakini alisikia kila kitu.

"Matokeo yananing'inia pale," alisema Sture. "Napendekeza tumpokee mwanachama mpya, apewe kituo cha nne. Pontus amekubali kuhama."

Mikono kumi na mitatu ilinyanyuka. Marit aliweka kisu chini, akajifuta damu, akaja mbele.

"Asanteni," alisema. "Baba angefurahi sana."

Wanaume walitazamana. Sture alikohoa.

"Tunazungumzia bunduki, Marit."

"Bunduki yangu."

"Hasa. Na hongera, maana haina mwenzake." Akafungua daftari. "Kituo kimoja, mwanachama mmoja. Wewe utakuwa unaibeba, kwa kuwa kibali kina jina lako. Hilo tumeliangalia, halina tatizo. Mbebaji haandikwi."

"Na nani anailenga?"

"Wewe."

"Nani anafyatua?"

"Dada yangu, usiyafanye magumu. Leo ni siku njema."

Marit aliwatazama mmoja mmoja. Wengine alisoma nao darasa moja, na wanne kati yao ndiye aliyewaogeshea mama zao asubuhi ya juzi. Walitazama buti zao. Aliumia, na alikasirika hata masikio yakawa moto, na hakuona sababu ya kuficha.

"Mnajua wenyewe kwamba huu ni uonevu," alisema.

Pontus, ambaye moyo wake haukuwa mbaya, alinyanyua kidole. Alipendekeza kwamba mbebaji naye apigiwe kura ya uanachama, mara moja, yaishe. Sture alisema hilo ni sawa kabisa kikanuni. Wakapiga. Waliomtaka Marit walikuwa saba, na Marit aliwahesabu mara mbili kwa sababu hakuamini kama ni wengi hivyo. Waliokataa walikuwa sita.

"Samahani," alisema Sture. "Wanachama sasa ni kumi na wanne. Mwanachama mpya hakunyanyua mkono. Kifungu cha tisa: asiyenyanyua mkono huhesabiwa amekataa. Saba kwa saba."

Wote waligeuka kuitazama bunduki. Ilikuwa imeegemea ukuta karibu na ndoo, na kwenye tawi lake la chini kulikuwa na tufaha moja lililosalia.

Kura zinapolingana, mwenyekiti huamua. Sture aliamua, kwa masikitiko, na masikitiko yake yakaandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano. Nyama ikagawanywa mafungu kumi na manne. Fungu la bunduki lilifungwa kwenye gunia safi na Marit akaombwa aifikishie.

Kesho yake Algot alicheka hadi akapaliwa, ikabidi Marit ampige mgongoni.

"Nimeunda bunduki mia mbili na kumi," alisema alipopata pumzi. "Hakuna hata moja iliyowahi kupata uanachama." Kisha akaacha kucheka, akamshika mkono. "Wamekufanyia ubaya, binti yangu."

"Najua."

"Mwakani utakwenda?"

"Nitakwenda. Lile ni jiwe la baba, mzee, na siwezi kulikalia nikiwa hapa."

Jumamosi kikundi kilipiga picha ya mwaka, ile inayotundikwa kwenye ukumbi wa kijiji. Wanaume walijipanga mistari miwili mbele ya banda, wamenyoa. Mwanzoni mwa mstari wa mbele, upande wa kushoto, waliweka kiti chenye mto mdogo kwa ajili ya mwanachama mpya. Marit aliitoa bunduki risasi, akaisimamisha kwenye kiti, akaifunga na mkanda isianguke. Alipotaka kusimama kando yake, Sture alimwita, akampa simu.

"Tupige wewe, Marit. Wewe ndiye mwenye mkono usiotetemeka."

Akarudi nyuma hatua nane, akawatazama kwenye kioo cha simu. Upande wa kushoto tawi lilikuwa halionekani lote.

"Bananeni kidogo," alisema. "Mwenzenu anakatwa jani."

Wanaume kumi na watatu wakabanana.