Mlango wa Ukuta wa Jikoni

Bawaba ililia gizani, kidogo tu, kama paka aliyekanyagwa mkia. Wening alikuwa amejilaza mkekani na bintiye Lintang, umeme umekatika tangu magharibi. Chumba chao cha kupanga mjini Yogyakarta kilikuwa na mlango mmoja, nao ulikuwa wa kusukuma pembeni, hauna bawaba. Akawasha tochi ya simu. Kwenye ukuta wa jikoni, kando ya kalenda, palikuwa na mlango wa buluu uliofunguka nusu.

"Ndio ule," akasema, akaenda kuchemsha chai.

Mlango huo alikuwa ameupata darasani jioni ileile, kwenye kompyuta. Mwalimu Gunarso aliwafundisha udukuzi mwema: kuingia kwenye mfumo wa kompyuta wa mtu kwa ruhusa yake, ulione tundu kabla mwizi hajaliona. "Sisi na mwizi njia yetu moja," alipenda kusema. "Tofauti ni hodi. Na ukishaingia, usiguse kitu." Wening aliomba ruhusa kwenye zahanati ya mtaa, akapewa. Akafungua kadi ya kliniki ya Lintang, akabadilisha namba yake, na mfumo ukampa kadi ya mtoto mwingine bila kumuuliza yeye ni nani.

Nyuma ya mlango kilikuwa chumba cha kumbukumbu cha zahanati: rafu za kadi za watoto, na kiyoyozi kisichozimwa. Ubaridi wake ulikuwa mtamu. Nguo zilikauka upesi, Lintang akaacha kutoka vipele vya joto. Kesho yake jirani yao, Bu Parti, yaani Mama Parti, alikuja na kiti chake na sahani ya ndizi za kukaanga.

"We Wening! Umepata mlango, kimya? Uchoyo gani huo?"

"Karibu upepo, Bu. Ila humo ndani usiingie."

"Niingie nifanye nini? Mimi na makaratasi wapi na wapi!"

Lakini shingo yake ilikuwa imeshaingia.

Kadi ya Lintang ilikuwa rafu ya chini. Mtaa mzima ulijua baba yake yuko melini. Kadi ilijua vingine: penye jina la baba palikuwa na mstari mtupu. Wening angeweza kuichukua kwa kunyoosha mkono tu. Hakuinyooshea mkono.

Alikwenda kwa mkuu wa zahanati, Bu Retna, akamweleza mlango uliotokea jikoni kwake, tundu la mfumo na jinsi ya kuliziba.

"Kazi safi, mwanangu," Bu Retna akamsifu, akimwongeza chai. "Ila mfumo huu kautengeneza Danang, mtoto wa dada yangu. Nikisema kaacha mlango wazi, Idi hii nitamtazama dada kwa macho gani?"

"Basi nimwambie mimi, taratibu."

"Taratibu ndiyo hii. Tunyamaze kwanza."

Akampa kitambaa kizuri cha batiki, atundike pazia.

Wening akatundika. Alifaulu mtihani wake. Mwalimu Gunarso akampa kazi ya kuwasaidia wanafunzi wapya. Kila Ijumaa alipita kwa Bu Retna kumkumbusha, na kila Ijumaa chai ilikuwa tamu.

Jioni moja alikuwa akikatakata tempe, kipande cha soya iliyochachushwa, Bu Parti akisinzia kwenye ubaridi. Lintang akasimama mbele ya pazia, akapiga hodi kwa sauti kama alivyofundishwa, akangoja, akapita. Punde akatoka, mikono mitupu, pua baridi.

"Mama," akasema kwa sauti, "nimeingia na hakuna aliyeniuliza mimi ni nani."