Ndevu za Mzee Kwaru

Tangu asubuhi Rahimu alikuwa amekenua meno mbele ya simu, na kama kuna jambo Zaina halipendi duniani, ni mumewe kukikenulia kitu ambacho si yeye.

"Mama Fauzia, njoo uone! Mzee Kwaru huyu hapa!"

Zaina aliacha kupanga madaftari kwenye duka lao pale Nachingwea, akaja kuchungulia. Kwenye simu palikuwa na shuka limetundikwa darasani, na juu ya shuka kikaragosi kinahesabu korosho kwa sauti ya kukwaruza: "Moja si mbili, mbili si moja, anayejua anyanyue kono!" Watoto wa chekechea wanaangukiana kwa kicheko. Chini kumeandikwa: Mwalimu Amna, Ruangwa.

Amna! Yule wa Marambo, aliyekuja kulelewa na shangazi yake nyumba ya jirani na kina Zaina! Lo!

Kundi la WhatsApp la waliosoma pamoja lilikuwa limewaka moto. Ildefonsi, mtu mzima mwenye duara lake, shimo la kuchimbia dhahabu, kule Namungo, aliandika kuwa ametokwa machozi mbele ya vijana wake. Leah naye: "Sura siikumbuki vizuri, lakini sauti, jamani, ni ileile! Tumerudi utotoni! Amna una kumbukumbu wewe!" Wote Amna, Amna, Amna. Hakuna hata mmoja aliyeandika: Zaina, si tuliangalia kwenu?

Hapo ndipo palipouma. Tivii ya kwanza mtaa ule ilikuwa ya mzee Isihaka, baba yake Zaina. Aliinunua mwaka ambao korosho zililipa, ndogo, ya rangi nyeusi na nyeupe, inakula betri ya gari. Kila Jumamosi saa kumi jioni, kipindi cha vikaragosi, kile cha Mzee Kwaru, kikikaribia, watoto walijaa uani, na Zaina alisimama mlangoni na kijiti chake akigawa watu. Wewe ingia. Wewe kaa nyuma. Wewe nenda nje ukashike mwanzi wa antena. Na picha ikianza kukimbia, alikuwa anapaza sauti dirishani: "Geuza! Bado! Bado! Hapo hapo, usitikisike!" Leo baba hayupo, nyumba kaka zake wameiuza, tivii yenyewe ilichukuliwa na watu wa chuma chakavu. Zaina alibakiwa na kitu kimoja tu mbele ya wenzake, kwamba yeye ndiye mtoto wa nyumba yenye tivii. Sasa hata hicho ananyang'anywa, tena na mtu aliyekuja kwao mikono mitupu!

Aliitazama ile video mara kumi na moja. Mara ya kumi na mbili akapiga kofi pajani.

"Ana ndevu! Rahimu, tazama, kamwekea ndevu na mkongojo! Mzee Kwaru alikuwa chura! Chura wa soksi, macho yake vifuniko vya soda. Chura ana ndevu wapi? Huyu hakumbuki kitu, amejitungia."

"Mimi nitajuaje?" alisema Rahimu. "Nilikuwa nakaa nyuma ya kichwa cha Ildefonsi. Niliona masikio ya Ildefonsi tu."

"Basi nyamaza. Jumamosi tunaenda."

Kwa maana kundi lilikuwa limeshakubaliana kukutana Ruangwa, kwenye chekechea ya Amna, wakamwone Mzee Kwaru kwa macho yao. Zaina alijiandaa kwa siku nne. Akachagua na kanga, makusudi kabisa, ile iliyoandikwa "Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda," ili Amna ausome ujumbe wake. Rahimu aliisoma, akakohoa, akawasha pikipiki.

Walikalishwa kwenye viti vya watoto, magoti yamegusa videvu. Pembeni yake Zaina alikaa Minza, mama wa kabila la wafugaji waliohamia huku kutoka Kanda ya Ziwa, ambaye mwanawe anasoma hapo. Minza alikuwa anajisifu kwa kila anayeingia: "Ndevu zile ni za mkia wa ng'ombe wetu. Mwalimu alikuja kuziomba mwenyewe."

"Hongera," alisema Zaina, amebana mdomo.

Kisha nyuma ya shuka ikapigwa tok, tok, tok, na ile sauti ikatoka. Wallahi, Zaina nywele zilimsimama. Alijiona yuko mkekani, ana miaka tisa, baba yake anakunywa chai mlangoni. Machozi yalimlengalenga. Alipogeuka akawaona wote wanalengwa machozi kama yeye, na ni Amna anayewaliza, hasira ikampanda maradufu. Akasimama.

"Ngoja kwanza! Mzee Kwaru hakuwa na ndevu! Alikuwa chura! Na mkongojo hakuwa nao, ile tok-tok ilikuwa chaki ubaoni! Kama mtu hukumbuki si useme? Tivii ilikuwa kwetu, najua mimi!"

Amna akatokea nyuma ya shuka, jasho linamtiririka, kikaragosi bado kiko mkononi. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Chaki?" akasema. "Kumbe ilikuwa chaki! Miaka yote hii mimi najua anatembelea mkongojo."

"Mkongojo vipi, na chaki ulikuwa unaiona?" aliuliza Leah.

"Niione wapi, Leah? Mimi si nilikuwa nje? Mshika mwanzi alikuwa nani, kama si mimi? Nikiuachia tu picha inakimbia, mnanifokea huko ndani. Nilikuwa nasikiliza dirishani. Nikasema, mwenye sauti hii hakosi kuwa mzee, na ndevu anazo."

"Lakini si ilikuwa kwa zamu?" alisema Ildefonsi.

Amna alimtazama Zaina, akacheka kidogo.

Haikuwa kwa zamu, na Zaina alijua. Jumamosi ya kwanza Amna alishika mwanzi kwa bahati tu. Kipindi kilipokwisha aliingia kuaga, akamwamkia mzee Isihaka kwa sauti ya Mzee Kwaru, na mzee akacheka mpaka chai ikampalia. "Mtoto huyu ana kipaji," akasema. Baba yake hajawahi kumwambia Zaina neno kama lile. Kuanzia Jumamosi iliyofuata, kijiti chake Zaina kilimwonyesha Amna nje, mwaka mzima, na hakuna aliyeuliza. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Aliketi, akaikusanya ile kanga yake mapajani, maandishi yasionekane.

"Ndevu zitoke?" Minza aliuliza kwa huzuni.

"Zikae kwanza," alisema Amna. Akakivua kikaragosi, akamvisha Zaina mkononi. "Shoga yangu, wewe ndiye uliyemwona. Ingia huko nyuma ufanye alivyokuwa anafanya. Na mimi leo nikae mkekani na watoto, nimtazame."

Angekataaje, mbele ya watu wote wale? Zaina aliingia nyuma ya shuka, akainua mkono. Sauti ilimtoka nyembamba kama ya kuku anayefukuzwa. Upande wa pili watoto wakacheka, wakubwa wakacheka, na juu ya wote alimsikia Amna, akicheka kwa raha ya mtu aliyesubiri sana. Wivu haukuwa umemtoka. Alitamani kuiona sura ya Amna ikicheka, na mbele yake kulikuwa na shuka tu.

Alipofika korosho ya saba bega lilikuwa linamwaka moto. Mkono ukaanza kushuka.

"Mzee anazama!" walipiga kelele watoto.

"Geuza! Bado! Bado!" Amna alipaza sauti kutoka mkekani. "Hapo hapo, usitikisike!"

Wote wakaangua kicheko, na Rahimu ndiye aliyewazidi wote. Zaina akaukamata mkono wake kwa mkono wa pili, akaubana usishuke, akaendelea kuhesabu.