Kisima cha Hewa cha Wendelin

Kamati ya kuchagua kisanduku ilikuwa na watu watatu, na kwa bahati mbaya mwenyekiti wake alikuwa Wendelin Schlotterbeck. Miezi minne mizima, jamani! Visanduku vitatu vilikaa mezani katika banda la klabu ya Hülbenberg, kati ya vikombe vya kahawa na keki ya plamu, na kila kimoja kazi yake ilikuwa ileile: kukaa ndani ya glaida, yaani ndege isiyo na injini, kutangaza iko wapi, na kumpigia rubani kelele mwenzake anapomkaribia. Mtu mwenye akili timamu angechagua kwa nusu saa. Wendelin alikuwa na akili timamu kabisa, ndiyo maana alihakikisha hawachagui.

"Hiki cha kwanza kinaongea na glaida peke yake," alisema, akikisukuma kwa kidole. "Ndege za abiria hazikisikii."

"Basi tuchukue cha pili," alisema binti yake, Hiltrud. "Hicho kinasikika na kila mtu."

"Kila mtu? Hata mtu aliyejilaza kwake na simu ajue niko wapi? Mimi si ng'ombe wa kuvishwa kengele."

"Na cha tatu?" aliuliza Ewald Pfleiderer, mwenyekiti wa klabu. "Kinafanya yote mawili."

"Kinakula betri. Halafu tazama rangi yake."

"Rangi yake ina nini?"

"Ya kijivu."

Kijivu kina nini sasa? Lakini katiba ya klabu ilitaka kila uamuzi upitishwe kwa kauli moja, na kauli ya Wendelin ilikuwa hapana.

Ukweli wenyewe ni huu. Nyuma ya kijiji cha Unterhülben kulikuwa na machimbo ya mawe yaliyoachwa, na kila mchana wenye jua hewa ya joto ilichomoka pale na kupanda juu kwa nguvu za ajabu. Glaida ikiingia humo, inapanda na wewe umekunja mikono. Wendelin aligundua mahali hapo miaka thelathini na moja iliyopita, akapaita kisima chake, na hakumwambia mtu, isipokuwa marehemu mkewe, Gerlinde. Kila akipaa aliaga kwa sauti, "Leo naenda mashariki!" kisha akazunguka mlima na kurudi magharibi. Kwa kisima hicho alikuwa ametwaa mara kumi na saba kombe la klabu, bata wa mbao aliyechongwa vibaya. Tangu Gerlinde afariki, miaka sita sasa, alikuwa na kisima na bata, basi. Akitangaza alipo, kisima si chake tena.

"Baba," alisema Hiltrud, na sauti yake haikuwa ya utani. "Mwezi uliopita mimi na Ewald tulipishana angani nikahesabu vifungo vya shati lake."

"Vinne," alisema Ewald. "Kimoja kilikuwa kimedondoka."

"Unataka nife kwa sababu ya kijivu?"

Wendelin alimpenda binti huyu kuliko bata na machimbo yote ya Ujerumani. Akaona aibu, akanyoosha mkono, kura ikapita. Visanduku vya kijivu vikafungwa katika glaida zote kumi na mbili, na aliyevifunga ni Wendelin mwenyewe, fundi wa klabu.

Jumamosi ya kwanza yenye jua, shetani akamwingia. Alikuwa amekwisha kujifunga mikanda, anakula mkate wake wa soseji ya maini, macho yakamwangukia antena. Kijiti tu, hakifiki urefu wa kidole. Mkononi alikuwa na karatasi ya aluminiamu iliyofungia mkate. Mara moja tu, alijiambia. Akaiviringisha antena mara tatu, akaipapasa kwa upendo. Antena ikawa kiziwi na bubu.

"Leo naenda mashariki!" alipaza sauti, winchi ya uwanjani ikamvuta juu kwa kamba.

Kisima kilikuwa kinachemka. Wendelin aliingia, akalaza glaida ubavu, akaanza kuzunguka huku akiimba. Skrini ya kisanduku ilikuwa tupu. Hakuna mtu. Raha iliyoje!

Kufumba na kufumbua, bawa jeupe likajaa kioo chote mbele yake.

Aliusukuma usukani kwa nguvu zote. Glaida ikapiga mbizi, kofia ikamvuka, mkate ukapaa na kunata kwenye dari. Kitu kilipita juu ya kichwa chake kwa mvumo, akaliona tumbo la ndege lenye namba anazozijua, maana alizipaka yeye. Ilikuwa glaida ya Hiltrud.

"Baba?" Redio ililia. "Baba, ni wewe? Sikukuona! Sikukuona kabisa!"

Wendelin aligeuza pua ya glaida kuelekea uwanjani.

Walipotua, Hiltrud alikwenda moja kwa moja kwenye glaida ya baba yake, akainama ndani, akatoka na ile karatasi. Akainusa.

"Soseji ya maini," alisema, machozi yakimtiririka. "Nilikuwa nife kwa soseji ya maini."

Wanachama walisogea. Wendelin alivua miwani. "Nilificha mahali pangu," alisema. "Juu ya machimbo. Hakuna anayepajua. Nisamehe, mwanangu. Mimi ni mjinga, tena mjinga mzee."

Watu wakatazamana. Mmoja akakohoa. Ewald aliingia bandani, akarudi na daftari kuukuu la muhtasari wa mikutano, akalamba kidole, akafunua.

"Mkutano mkuu, miaka ishirini na tisa iliyopita," alisoma. "Hoja ya saba. Bibi Gerlinde Schlotterbeck anapendekeza: Wendelin akiwa juu ya machimbo, mwanachama mwingine asiingie. Wendelin asipokuwepo, ruhusa kwa wote. Sababu: akitoka kule hurudi nyumbani akiimba. Waliokubali, ishirini na watatu. Waliopinga, hakuna. Wendelin hakupiga kura, yuko nje anageuza soseji."

Wendelin alivaa tena miwani.

"Na nikisema naenda mashariki?"

"Kila mtu anajua mashariki yako iko wapi," alisema Hiltrud. "Lakini leo nilitazama skrini, hupo. Nikasema labda siku moja katika maisha yake mzee kaenda mashariki kweli."

"Na bata?"

"Kuna mara ulishinda kihalali, bila sisi kukuachia," alisema Ewald.

"Ngapi?"

Ewald alifunga daftari taratibu. "Mbili."

Jumamosi iliyofuata Wendelin alipaa antena ikiwa uchi. Alipofika juu ya machimbo skrini ilimtoa jasho: vishale tisa, kila kimoja glaida ya mwenzake, vimemzunguka pande zote, kila kimoja kinajizungusha palepale kilipo, nje ya kisima, kinasubiri zamu kwa adabu. Walikuwa wakimsubiri hivyo miaka yote, na yeye akiimba.

"Wote, hapa Wendelin," alisema redioni. "Ingieni. Nafasi ipo."

"Haiwezekani," alijibu Ewald. "Azimio halijafutwa."

"Basi napendekeza lifutwe!"

"Subiri nihesabu." Redio ilikwaruza. "Tuko kumi hewani, akidi imetimia. Wanaokubali?"

Ndiyo zikaitikiwa, moja moja, nane. Na ya Wendelin, tisa.

"Wanaopinga?"

"Mimi," alisema Hiltrud. "Ni neno la Mama. Lisifutwe."

"Kauli moja haikupatikana," alisema Ewald. "Azimio limesimama."

Wendelin alizunguka mara moja, mara ya pili.

"Sawa," alisema. "Andikeni basi: mimi sipo."

Akanyoosha mabawa, akatoka kisimani. Kwenye skrini vishale vikaanza kuingia, kimoja baada ya kingine, namba zao za kimo zikipanda. Zake zilishuka. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alielekea mashariki, na mashariki, kama alivyojua siku zote, hakukuwa na hewa yoyote ya kupandisha glaida. Meta mia nne. Meta mia mbili. Akachagua shamba la shayiri, akafungua breki za mabawa.

Kishale kimoja tu hakikupanda. Kilikuwa kimegeuka kutoka kwenye machimbo, kikimfuata kwa nyuma, sasa kiko juu yake.

"Baba," ilisema redio. "Nakuona."

Wendelin alilia, tena kwa sauti, shayiri ikipiga tumbo la glaida, na kisanduku cha kijivu kikimpigia kelele kumwonya kwamba kuna mtu karibu.