Sumaku ya Mume Wangu

Cherehani yangu ni ya kukanyaga, na miaka yote nimeikanyaga peku. Mafundi wa zamani tulifundishwa hivyo: mguu mtupu ndio unaojua pedeli inataka nini. Kisukari kilipoingia mwilini, nyayo zikafa ganzi kidogo kidogo, lakini mazoea hayakupewa habari hiyo. Nikawa nakanyaga kwa kufuata mlio.

Muuguzi wa zahanati alitueleza, mimi na mume wangu tukiwa bega kwa bega kwenye benchi, kwamba mwenye mguu wa ganzi asiuamini mguu wake. Auangalie kila siku, unyayo mzima, mpaka katikati ya vidole. Mimi niliitikia. Mume wangu ndiye aliyeishika kazi yenyewe. Jioni nikifunika cherehani, alipitisha sumaku sakafuni. Ni sumaku kubwa aliyoitoa kwenye spika mbovu akaifunga kwenye mpini wa fagio, nayo ilizoa pini na sindano zote zilizoanguka. Kisha aliketi kwenye kigoda chake akasema, "Lete mizigo." Namwekea miguu mapajani. Anaigeuzageuza kama mtu anayechagua viazi. "Haya, ruhusa," anasema, nami naenda kupika.

Alipofariki, sumaku ilibaki kwenye msumari wake nyuma ya mlango. Niliamka, nikasali, nikameza vidonge, nikakata vitambaa, nikashona, nikala kilichopo, nikalala. Watu walisema nimejikaza. Mimi nilijua hakukuwa na kitu cha kukaza.

Wifi yangu, dada wa marehemu, alihamia kwangu baada ya maziko. Majirani wanamwita Redio, na anaitika. Anapiga pasi, anatia vifungo, na anatangaza.

Kabla ya kufungua kazi huwa tunapiga magoti mle mle kwenye chumba cha kushonea, mimi mbele yeye nyuma, maana meza ya kukatia imekula nafasi yote. Asubuhi hiyo nilikuwa katikati ya maombi.

"Wifi."

Nikaendelea kuomba.

"Wifi, Mungu atatusubiri. Una pini mguuni."

Niligeuka nikauinua mguu. Kichwa cheupe cha pini kilikuwa kimekaa chini ya dole gumba, kimetulia kama kifungo kilichoshonwa. Wifi alikishika akavuta. Nilimwona akivuta, nikaona pini nzima ikitoka, na mimi sikuhisi hata kwamba nimeguswa. Usaha ukafuata.

"Imekaa humu tangu lini?"

"Sijui."

"Hujui. Watu wakikalia pini wanaruka. Wewe umeipeleka sokoni ukairudisha."

"Ndiyo hivyo."

"Na kaka yangu akija kuniuliza huko mbele nilikuwa wapi, nimwambie nilikuwa napiga pasi?"

Nikamwambia tumalizie sala kwanza. Alinitazama kama anayetazama nyumba iliyohamwa. Tukamalizia.

Zahanati tulimkuta muuguzi yule yule. Alisafisha, akachungulia, akachungulia tena.

"Mama, kidonda kinaelekea mfupani. Bado hakijafika. Kikifika, dole hili litakatwa, na cherehani ya kukanyaga utaisahau."

Wifi alifunga mdomo. Siku nyingine hilo peke yake lingenishtua. Mimi nilikuwa naangalia bandeji inavyozungushwa, nikawaza kwamba anaikunja vizuri.

"Usiukanyagie mguu huu mpaka nikuruhusu. Dawa umalize zote. Kikipona, viatu vya kufunika, hata ndani ya nyumba, na uvikung'ute kabla ya kuvaa. Nyumbani nani anakuangalia nyayo?"

"Alikuwepo," nikasema.

"Sasa je?"

"Nipo mimi," wifi akadakia.

"Hapana."

Wote wawili walinigeukia. Nilijua tu kwamba sitaki mtu mwingine kwenye kile kigoda.

"Basi ujiangalie mwenyewe," muuguzi akasema. "Weka kioo chini. Lakini uangalie kweli, mama, siyo kuitikia."

Nikawa mtu wa kitini, mguu juu ya mto. Wifi alikalia cherehani.

"Huo mshono umelewa," nikamwambia.

"Ulishaona wapi redio inashona? Shukuru inakwenda mbele."

Kioo kile wateja wanachojitazamia nikakilaza sakafuni, na kila muuguzi alipokuja kubadilisha bandeji nikauning'iniza unyayo juu yake. Ulikuwa kama wa mtu nisiyemfahamu. Ule mguu wa pili, usio na kidonda, niliuosha kila jioni, maji nikiyapima kwa kiwiko, nikaukausha katikati ya vidole. Niliuosha kama unavyomwosha mtoto wa jirani aliyeachwa kwako, kwa kuwa lazima aoshwe.

Kidonda kilichelewa, kikafunga. Muuguzi alibonyeza huku na huku.

"Dole limebaki lako, mama."

"Namshukuru Mungu," nikasema, na nilimaanisha, ingawa kifuani hakikutikisika kitu.

Nilirudi kwenye cherehani nikiwa na raba na soksi. Mguu ulikuwa mzito kupita kiasi, uzi ukakatika. Nikatunga upya. Ukakatika tena. Nikatunga.

Jioni wifi alinyoosha mkono nyuma ya mlango.

"Niachie," nikasema.

Niliitungua sumaku mwenyewe. Nikaipitisha chini ya meza, chini ya cherehani, pembeni mwa ukuta, pini zikawa zinarukia na kung'ang'ania. Ilibidi nisogeze kigoda. Kilikuwa na vumbi, nikakifuta kwa kipande cha kitambaa. Kisha nikakikalia. Nikavua raba na soksi, nikavuta kioo, nikaangalia mguu mmoja, nikaangalia wa pili, mpaka katikati ya vidole.

"Vipi huko?" wifi akauliza kutoka kwenye pasi.

Nikatazama mara nyingine.

"Ruhusa," nikamwambia, naye akaenda kupika.